Saksofoni ya zamani: kuitengeneza au kununua nyingine? Ulinganisho kwa wapulizaji wa Arusha na Moshi

Saksofoni ikianza kugoma, hoja huwa mbili. Moja inasema ipelekwe kwa fundi, maana ni chombo cha zamani na vya zamani vilikuwa imara. Nyingine inasema tuchange tuagize mpya, maana kwenye simu imeonekana saksofoni ya alto inayong'aa ya laki sita na kidogo. Zote mbili zimeanzia pabaya. Umri hauamui, na mng'ao hauamui kabisa. Yanayoamua ni matatu: mwili wa chombo umenyooka au umepinda; jina lililochongwa juu yake ni la nani; na kikiharibika tena mwakani, hapa kwetu yupo wa kukirudisha? Hilo la tatu tunalisahau, nami naona ndilo zito kuliko yote.

Huku saksofoni ni chombo cha kazi. Jumamosi ya harusi kundi la matarumbeta linapanda pikapu Kaloleni na kwenda hadi Usa River, au linazunguka Moshi mjini kabla ya kupanda Marangu, na njia nzima mpulizaji anapuliza huku gari linatikisika na vumbi linaingia kila tundu. Kesho yake chombo hichohicho kiko ibadani. Desemba, watu wanaporudi nyumbani Kilimanjaro na harusi na kipaimara zinafuatana, hakuna wiki ya kupumzika. Chombo kinachotaka kuvushwa mpakani Namanga kwenda kwa fundi kila kikikohoa hakitufai, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwanza ijulikane kama imekufa kweli

Saksofoni nyingi zinazoitwa zimekufa zina ugonjwa mdogo, na anayejua chombo kinavyofanya kazi atauona mapema. Saksofoni ni bomba la shaba lililo jembamba shingoni na linalopanuka kadiri linavyoshuka, likiwa na matundu zaidi ya ishirini ubavuni. Kila tundu lina kifuniko, na ndani ya kifuniko kuna pedi ya sufu iliyovikwa ngozi. Ili noti ya chini itoke, karibu matundu yote yaliyo juu yake lazima yazibwe bila mwanya. Tundu moja la juu likivuja kwa unene wa unywele tu, noti zote zilizo chini ya hapo zinadhoofika, zinakoroma, au zinaruka oktava, yaani noti ileile inatoka juu zaidi. Ndiyo maana mtu anasikia noti saba mbovu, anakata tamaa, kumbe pedi mbovu ni moja.

Kuitafuta hiyo moja hakuhitaji duka la vyombo. Chukua uzi wa taa ndogo za urembo, zile za LED zinazowekwa kwenye mti wa Krismasi na kutumia betri. Ondoa shingo, ziteremshe taratibu ndani ya bomba, zima taa ya chumba, kisha funga vifuniko kwa nguvu ileile unayotumia kupiga. Mwanga ukichungulia pembeni mwa pedi, hapo ndipo panavuja. Mafundi wa Ulaya na Marekani wanafanya hivyohivyo, ila taa yao ni ndefu na nadhifu zaidi. Ukitaka kuhakikisha, kata karatasi ya kuvingirishia sigara iwe ukanda mwembamba, iweke chini ya pedi, funga kifuniko kwa wepesi na uivute polepole. Zungusha mahali kwa mahali. Pale inapoteleza bila kushikwa, pedi haikai.

Kuna maradhi mengine matatu ninayoyakuta mara kwa mara, na hakuna hata moja linalostahili mchango wa usharika. La kwanza ni kitufe cha G shapu kunata. Pedi yake hukaa imefungwa muda wote na springi inayoiinua ni dhaifu, kwa hiyo ikishikwa na utamu wa soda uliotoka kinywani mwa mpulizaji, haifunguki. Harusini soda haikosekani. Futa ngozi ya pedi na ukingo wa tundu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke, na tangu siku hiyo suuza kinywa kwa maji kabla ya kupuliza. La pili ni ile pete ya kitufe cha oktava iliyo shingoni. Watu huikamata wanapochomeka shingo, inapinda, tundu dogo la juu linabaki wazi, na chombo kizima kinapiga mluzi wa oktava ya juu. Inarudishwa kwa vidole, kwa subira. La tatu ni kizibo cha shingo, kile kitu laini kama vizibo vya chupa za mvinyo ambacho mdomo wa kupulizia huvaa juu yake. Kikiliwa, mdomo unacheza na hewa inatoka. Tepu nyeupe ya mafundi bomba itakuvusha wiki mbili tatu hadi kipatikane kizibo kipya.

Halafu kuna ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetema kwenye mdomo wa kupulizia. Usihukumu saksofoni yoyote kwa ridi iliyopasuka ncha au kwa mdomo wa plastiki usiojulikana ulikotoka. Azima mdomo wa mtu ambaye chombo chake kinatoa sauti nzuri, Yamaha 4C kwa mfano, tia ridi mpya ya ugumu wa namba 2 au 2 na nusu, ndipo upulize. Nimeona saksofoni iliyokuwa tayari imetolewa hukumu ya kuuzwa chakavu ikiimba wimbo mzima baada ya kubadilishiwa mdomo tu.

Chombo kinachostahili fundi

Pedi, springi na vizibo ni vitu vya kuisha. Saksofoni yoyote inayopigwa itavibadilisha siku moja. Kwa hiyo pedi zilizochakaa si sababu ya kuitupa. Mwili ndio usiobadilishwa. Shika chombo kama bunduki, chungulia kwa jicho moja pembeni mwa bomba kuanzia juu hadi chini. Bomba lililoanguka na kupinda huonekana, na ukibonyeza vitufe vyake virefu utahisi vinakwama, kwa sababu fito zinazovishika hazijanyooka tena. Kubonyea kengele, ile sehemu pana ya mbele, hakuna ubaya mkubwa. Kubonyea karibu na ukingo wa tundu ni jambo jingine: ukingo ukiacha kuwa bapa, pedi mpya itavuja kama ya zamani.

Angalia pia mahali shingo inapoingia mwilini. Ikaze, kisha jaribu kuitikisa. Ikicheza, hewa inavuja hapo juu kabisa na kila noti ya chombo inaumia, na mtu atabadilisha pedi zote bila kuona nafuu. Fundi mwenye kifaa chake hurekebisha hilo kwa muda mfupi.

Madoa ya kijani yasikutishe, ni ya juu tu. Ya kutisha ni madoa ya rangi ya waridi. Shaba hii ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na mate yanapokaa ndani miaka mingi zinki inaliwa, inabaki shaba nyekundu iliyo dhaifu. Doa mojamoja chombo huishi nalo. Shingo ikishakuwa na waridi ubavu mzima, hesabu gharama ya shingo nyingine kabla ya kuhesabu pedi.

Sasa jina. Yamaha ndilo jina ninalotaka kulisikia kuliko yote, na sababu yangu ni vipuri: pedi zake zinauzwa kwa seti kulingana na modeli, na hata modeli zilizoacha kutengenezwa, kama YAS-23, bado zinapatiwa vifaa. Yanagisawa ya Japani, Keilwerth na Buffet ni majina ya kuheshimiwa. Selmer ya Paris ni habari nyingine kabisa. Kama katika kabati la marehemu babu imo Selmer Mark VI, modeli iliyoanza kutengenezwa mwaka 1954, usiipeleke popote kung'arishwa. Vanishi yake ya asili, hata iliyobabuka, ni sehemu ya thamani yake, na thamani hiyo inafika maelfu ya dola. Lakini soma vizuri: jina Selmer lipo pia kwenye Bundy za Marekani, ambazo zilikuwa vyombo vya wanafunzi. Ni imara, zinatengenezeka, ila bei yake ni ya mwanafunzi.

Kwetu kaskazini kuna kundi jingine ambalo mtu wa Dar anaweza asilikute sana. Makanisa ya Kilutheri ya huku yana udugu wa miaka mingi na sharika za Ujerumani, na kwa njia hiyo vyombo vya kupuliza vimekuja, vikiwamo vya zama za Ujerumani Mashariki. Ukiona Weltklang, ni ya huko. Amati ni ya Kraslice, Chekoslovakia ya wakati ule. Vyombo hivi vina mwili mzito na sauti pana inayofaa uwanjani, ingawa vitufe vyake havikai vizuri mkononi kama vya Yamaha. Nikiulizwa kuhusu Weltklang iliyonyooka, iliyokamilika vitufe, jibu langu ni itengenezwe. Ikiwa imekosa vitufe viwili vitatu, hapana, kwa sababu kila kimoja itabidi kichongwe kwa mkono.

Zile ambazo hesabu yake ni fupi

Kabla ya miaka ya 1930 saksofoni nyingi za Marekani zilitengenezwa kwa vipimo viwili vya sauti. Geuza chombo, tazama nyuma karibu na pale kidole gumba cha kulia kinapokaa, penye namba ya chombo. Ukikuta herufi L au LP, ni kipimo cha chini, kile kinachokubaliana na kinanda cha leo ambacho noti yake ya A ni mitetemo 440 kwa sekunde. Ukikuta H au HP, chombo kilitengenezwa kwa A inayokaribia 457. Kiko juu kwa zaidi ya nusu ya hatua ndogo ya muziki, na hakuna kuvuta mdomo kutakakokiweka sawa na kinanda cha kanisa, maana ukivuta, noti za juu zinashuka zaidi ya za chini. Chombo hicho ni cha ukutani. Usikitengeneze hata kama fundi anakufanyia bure.

Saksofoni ya C, iliyopendwa sana Marekani miaka ya 1920, inachanganya watu kwa kuwa si alto wala tenori (ile iliyo kubwa kuliko alto), ingawa ukiitazama haraka utadhani ni mojawapo. Faida yake ni kwamba inasoma noti za kinanda moja kwa moja. Lakini midomo yake ni adimu. Kama ni zawadi na inapuliza, ipulize. Kuigharamia matengenezo makubwa, sikushauri.

Gharama upande kwa upande

Nje ya nchi, kubadilisha pedi zote za alto kwa fundi mzoefu huwa kati ya dola 400 na 700, wakati mwingine zaidi. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni mikono ya fundi. Seti ya pedi zenyewe za modeli inayojulikana haifiki dola 50. Hapo ndipo nafasi yetu ilipo: ukimpata mtu wa hapa mwenye subira na mkono mwepesi, unanunua pedi kwa seti, gundi ya shelaki inayoyeyushwa kwa joto dogo, na kazi inafanyika Arusha. Mwombe akutajie bei ya vifaa peke yake na ya kazi peke yake, na muanze na pedi zinazovuja tu. Kubadilisha zote kwa pamoja ni kwa chombo ambacho nusu ya pedi zimekuwa ngumu au zimeliwa na wadudu, jambo linalotokea chombo kikifungiwa kabatini misimu ya masika bila kufunguliwa.

Alto mpya za bei ya chini kabisa mtandaoni zinaanzia kama dola 250. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni laki sita na elfu ishirini na tano. Bado usafiri, bado ushuru wa forodha, bado VAT ya asilimia 18. Na ikifika, mara nyingi inavuja kutoka kiwandani, kwa sababu pedi zilibandikwa haraka. Hilo linarekebishika. Lisilorekebishika ni ulaini wa vitufe: unavinyoosha leo, wiki ijayo vimepinda tena kwa kushikwa tu. Mafundi wengi wa nje hukataa kuzigusa kwa sababu kazi haitulii. Simaanishi kila kitokacho Asia ni kibovu. Eneo la Houli huko Taiwan limejijengea sifa kwa saksofoni nzuri, na Yamaha yenyewe ni ya Japani. Namaanisha saksofoni isiyo na jina la kudumu, isiyo na namba ya modeli unayoweza kuitafutia pedi, ambayo kampuni yake mwakani itakuwa na jina lingine.

Kati ya hizo mbili kuna njia ninayoipenda zaidi: Yamaha iliyotumika. YAS-23 nzuri huuzwa nje kwa dola 400 hadi 700, yaani milioni moja hadi moja na laki saba na nusu kabla ya usafiri. Ni fedha nyingi kwa kijana wa Ngarenaro au Pasua. Lakini weka karibu na ile mpya ya laki sita ambayo baada ya misimu miwili ya harusi haina anayeitaka. Yamaha utaipuliza miaka kumi, na siku ukiiuza utarudishiwa sehemu kubwa ya fedha yako. Yamaha mpya ya daraja la mwanafunzi, YAS-280, inapita dola elfu moja. Kwa shule au kwaya yenye mfuko ni ununuzi wa busara. Kwa mtu mmoja, mimi ningebaki na iliyotumika.

Kanuni ninayoitumia ni hii: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya chombo kizuri kilichotumika cha daraja lilelile, acha, nunua hicho kingine. Yakiwa chini ya nusu na mwili umenyooka, tengeneza bila kusitasita. Chombo cha urithi wa familia kina haki ya kuvuka kanuni hii, mradi familia ijue inalipia kumbukumbu na ikubali hivyo kwa moyo mweupe.

Mkono wa nani

Naomba hapa nisikilizwe. Usipeleke saksofoni kwa fundi wa kuchomelea, hata awe hodari wa mageti kiasi gani. Nguzo ndogo zinazoshika vitufe zimeungwa kwa risasi laini ya kulehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi joto kama 190 hivi. Moto wa gesi wa gereji unapita hapo mara nyingi. Ukigusa nguzo moja, za jirani zinadondoka, na shaba iliyoiva kwa moto inabaki laini. Nguzo iliyong'oka inataka mtu wa kulehemu kwa moto mdogo. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu yuko karibu na kazi hii kuliko fundi wa magari, ila hata yeye akufanyie mbele ya macho yako, na aanze kwa kufunika sehemu za jirani kwa kitambaa kibichi.

Gundi ya supa isikaribie pedi. Pedi za kukatwa kwenye ngozi ya kiatu nimeziona zikifanya kazi kwa muda, lakini unene wake ukizidi, kifuniko kinagusa nyuma na kuacha mwanya mbele, na chombo kinapoteza noti za chini. Springi iliyokatika ni afadhali: sindano ya kushonea iliyokatwa tundu lake huweza kushika nafasi ya springi ya sindano, ikichaguliwa kwa unene ule ule. Raba ya kufungia noti za benki itamaliza harusi, isikae hadi Jumatatu. Kwa vyuma vinavyozunguka, tone la mafuta ya cherehani linatosha.

Wenye nia ya kujifunza kazi hii wana nafasi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichopo Usa River kinafundisha muziki, na wapulizaji wamejaa kuanzia Tengeru hadi Kiboriloni. Kijana mmoja mwenye seti ya pedi, taa ya LED, bisibisi ndogo nzuri na shelaki angekuwa na kazi ya kutosha kuanzia Januari hadi Novemba, halafu Desemba angekataa wateja.

Siku ya kununua

Ukiamua kununua iliyotumika, iwe Soko la Kilombero, kwa mtu anayehama, au kwa kwaya inayobadilisha vyombo, nenda na mdomo wako na ridi yako. Usianze na wimbo. Anza na noti ya chini kabisa, B flati, kwa sauti ndogo, kisha panda noti moja moja. Ikitoka kwa pumzi nyepesi bila kusukumwa, pedi zinakaa. Ikikubali kwa nguvu tu, inavuja. Punguza bei kwa kiasi cha matengenezo au ondoka. Bonyeza G shapu, tikisa shingo, chungulia bomba, soma namba ya nyuma na uitafute kwenye simu hapohapo ujue modeli. Uliza sanduku lake, kwani saksofoni isiyo na sanduku gumu haifiki mbali kwenye barabara zetu. Kama muuzaji hakuruhusu kupuliza, usinunue, hata kama ni Yamaha na hata kama bei ni ya kuokota.